Bimkubwa Akisema "Nzuri Tu"

Asubuhi moja ya Alhamisi Mama Bupe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akikanda unga wa maandazi, na wakati uleule sauti yake ilikuwa inapanda milima ndani ya malori mia nne. Moja lilikuwa limebeba mbao za Makete. Jingine lilijaa viazi vya Uporoto. Jingine lilikuwa limekwama kwenye tope huko Busokelo na dereva wake anatukana. Katika kila moja, sauti ileile, nzito kidogo, yenye mkwaruzo wa moshi wa kuni, ilikuwa inasema, "Punguza mwendo mwanangu, maji yameanza kupata joto." Mwenyewe hakuwa na habari nao. Alikuwa anatafuta iliki.

Chombo kilichobeba sauti hiyo kiliitwa kinasajoto. Ukubwa wake ulikuwa kama kipande cha sabuni. Kilibandikwa ubavuni mwa injini, kikatoa nyuzi nyembamba kama mizizi zilizokwenda kugusa kila mahali maji yalipopita: kwenye rejeta yanakopozwa, kwenye pampu, kwenye mipira, hadi kwenye kile kizibo kidogo kinachofungua njia maji yakipata moto, ambacho mafundi hukiita themostati. Ndani yake ilikaa akili mnemba iliyosikiliza injini kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Madereva hawakujisumbua na jina la vitabuni. Wao walikiita Bimkubwa.

Miaka hiyo Chimala ilikuwa jiji. Mashine-vunaji zilivuna mpunga wa Usangu pasipo mtu shambani, na barabara za bondeni zilikuwa na umeme chini ya lami, gari linakula huku linakwenda. Lakini mlimani umeme ulishindwa. Kila masika maporomoko yalikata nyaya, na teksi-ruka zilipouona ukungu wa Matamba ziligeuza zenyewe bila hata kumuuliza abiria. Kwa hiyo ile njia ya kona hamsini na saba iliachiwa malori ya dizeli, dizeli iliyokamuliwa kwenye alizeti, hata moshi wake ukawa unanukia chipsi. Na injini ya dizeli, wazee wa kazi walisema, ni kama mtu mnene: kupanda anapanda, ila umpe maji na umpe hewa.

Sauti ya Mama Bupe iliingiaje humo? Mwanzo kulikuwa na taa nyekundu, madereva wakaibandika plasta. Ikaletwa sauti ya chuma, wakawa wanaijibu matusi. Ndipo wahandisi wa karakana kuu walipojiuliza ni sauti ya nani ambayo dereva wa lori haijibu, wakatoka nje kunywa chai, na mwuza chai, Mama Bupe mwenyewe, akawa anamfokea dereva mmoja, jitu zima lenye ndevu, likaondoka kimya kwenda kunawa mikono. Wakatazamana.

Wiki tatu alikaa kwenye chumba chenye kuta za sponji akisema maneno. Mama Bupe aliishia darasa la saba, lakini alikuwa na msimamo wake: hasemi neno asilolijua. Kila neno ilibidi aelezwe, aonyeshwe, alishike kwa mkono. Siku alipotoka alikuwa anaijua njia ya maji ya injini kuliko mafundi wengi wa pale getini. Sauti ikapendwa. Ilipendwa mno, hata malori mapya yakaanza kuletwa bila mshale wa joto. Mshale wa nini, na mama yupo?

Basi Alhamisi hiyo maandazi hayakuwa ya kuuza. Bupe, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaolewa Matamba.

Bupe alikuwa dereva kwa miaka sita, na alikataa katakata kupelekwa. Alisema hawezi kwenda kwenye harusi yake na mtu anayepanda mlima kwa gia ya tatu. Lori ni lake, mlima anaujua, bwana harusi ni wake, kwa nini abebwe kama mzigo? Akavaa gauni jeupe, akajifunga khanga kuukuu juu yake ili lisiguswe na grisi, viatu vya kisigino akaviweka juu ya dashibodi, akakanyaga mafuta kwa miguu mitupu. Mama yake alikaa pembeni na shela mapajani. Nyuma, pamoja na masufuria na makreti ya soda, walipanda shangazi sita na ngoma mbili, wakiongozwa na Shangazi Lutengano, dada wa marehemu baba yake Bupe, mwanamke ambaye hata akinong'ona mtaa unajua.

Ndiye aliyelipamba lori. Alisema lori la bibi harusi haliendi uso mtupu. Akatandaza khanga mpya mbele, nyekundu na nyeupe, kutoka taa hadi taa, akaishona kwa uzi wa gunia ikakaza, na maua juu yake. Maandishi yalisomeka kuanzia mbali: FURAHA YETU HAINA PAZIA. Mama Bupe aliona, akaipenda. Uzi ule yeye ndiye aliyemshikia wifi yake.

Wakaondoka saa tatu. Bondeni lori lilikwenda kama limetiwa mafuta ya nazi. Walipoanza mlima, shangazi waliacha nyimbo za kawaida wakawa wanahesabu kona kwa vigelegele. Ya kwanza! Ya pili! Na kila kona Bupe alikata usukani kwa mkono mmoja, na mwingine ukishika gia, na Mama Bupe akifumba macho na kufumbua, akimwambia mwanawe kila dakika atazame ng'ambo ile, mvua imekula barabara.

Kwenye kona ya kumi na mbili Bupe aligonga dashibodi. "Habari ya injini, Bimkubwa?"

"Nzuri, mwanangu. Joto lipo kidogo."

Mama Bupe alicheka hadi shela ikamponyoka. Miaka minne sauti yake inazunguka nchi nzima, na yeye hajawahi kupanda gari lenye sauti hiyo. Aliuliza kama kweli yeye huvuta maneno namna ile, na Bupe akamwambia anavuta kuliko hivyo, mashine imempunguzia.

Kona ya ishirini na tano Bupe aliuliza tena. "Nzuri. Hatujambo," Bimkubwa akajibu. Lori lilikuwa limeanza kuwa zito. Bupe akashuka gia, akalaumu soda.

Kona ya thelathini na nane aliuliza mara ya tatu, na safari hii sauti ilichelewa kidogo, kama mtu anayemeza mate.

"Nzuri tu."

Tabasamu la Mama Bupe lilikatika. Alikaa wima. Hakuna aliyelijua neno lile kuliko yeye. "Nzuri" ni salamu. "Nzuri, ila" ni jambo dogo. Lakini "nzuri tu"! Ndilo alilomjibu mchungaji siku ya tatu ya msiba wa mumewe. Ndilo alilomwambia Bupe kwenye simu jioni ile alipotoka chumba cha sponji akitetemeka kwa homa, hawezi hata kufunika sufuria.

"Simamisha gari," alisema.

"Mama, tuna saa moja na nusu tu. Na Bimkubwa kasema nzuri."

"Bimkubwa ni mimi. Na mimi nikisema hivyo naongopa. Simamisha gari, Bupe."

Bupe alimtazama mama yake, akaona uso, akasogeza lori kwenye upana wa kona ya thelathini na tisa. Lilipozimwa lilikuwa linatetemeka lenyewe, na chini ya boneti kulikuwa na sauti ya makande yaliyofunikwa. Harufu ya chipsi ilikuwa imegeuka harufu ya sufuria iliyosahauliwa.

Na hapa, enyi wenye watoto wanaoshika usukani, sikilizeni vizuri.

Bupe ni dereva mzuri. Lakini alikuwa bibi harusi, na muda ulikuwa unakimbia. Aliruka chini, akafungua boneti, akakunja pindo la ile khanga kuukuu mkononi. Alimuuliza Bimkubwa kama anaweza kufungua kifuniko cha rejeta aongeze maji. Na Bimkubwa, kwa ile sauti ya mama, kwa adabu zake zote, akajibu, "Si vibaya ukisubiri kidogo."

Bupe alisikia "si vibaya." Mkono ukaenda kwenye kifuniko, uso ukiwa juu yake, uso uliopakwa poda saa kumi na moja alfajiri na shangazi wawili.

Mama Bupe alikuwa bado anashuka, goti moja kwenye ngazi. Hakujua alifikaje. Alichojua ni kwamba aliukamata mkono ule, akauvuta, wote wawili wakaanguka kwenye nyasi, gauni na yote, na goti lake la kushoto likagonga jiwe.

"Mama, unanitakia nini?" Bupe alisema, machozi karibu.

Mama Bupe alijiinua. Aliomba chupa ya maji, akachovya vidole, akarusha matone matatu kwenye kifuniko. Yalichacharika, yakaruka, yakapotea. Shangazi wote sita wakarudi nyuma hatua moja.

Akaeleza kama anavyoeleza watoto jikoni. Maji yaliyofungiwa kwa nguvu hayachemki upesi. Yanapita moto wa kuchemkia, yanazidi kupanda, yanangoja kifuniko tu. Ukiyafungulia yote yanageuka mvuke kwa pamoja na yanatoka na ngozi yako. Alimtaja Mbilinyi, mteja wake wa zamani, ambaye mkono wake wa kulia umekunjamana kama karatasi. Mbilinyi alikuwa anasema Bimkubwa ndiye aliyemruhusu, na watu pale kwenye chai walimcheka, wakasema dereva mzembe hakosi wa kumsingizia. Mama Bupe naye alicheka. Aliliongeza hilo kwa sauti ndogo.

Wakangoja. Na kungoja na Shangazi Lutengano si kazi ngumu. Aliteremsha ngoma, akasema kama harusi haiwezi kufika Matamba, basi Matamba ijue harusi iko kona ya thelathini na tisa. Wakacheza barabarani kwenye ukungu. Pete-simu ya shangazi ikalia kidoleni. Upande wa bwana harusi wanauliza mko wapi. "Tumeshafika," alisema bila kupepesa, "tupo hapo kona ya mwisho, tunajipodoa." Bupe alicheka kwa mara ya kwanza tangu wasimame.

Injini ilipotulia kidogo, Mama Bupe alifunga khanga kiunoni, akaanza kuuliza maswali. Hakuiuliza mashine. Aliiuliza injini.

Alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba: umekaza. Alichungulia chini: hakuna tone, hakuna bomba lililovuja. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitazama kwenye mwanga. Oili nyeusi safi, haina rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia kwenye oili, na gasketi inayotenga maji na oili huenda ni nzima. Alimuuliza Bupe kama aliona moshi mweupe mlimani. Hakuuona. Akakunja kitambaa kinene, akashika mpira wa juu wa rejeta: moto. Akashika wa chini: nao moto, karibu sawa.

Hapo akasimama, mkono kiunoni.

"Ule wa chini ungekuwa baridi, ningesema themostati imeziba, maji hayapiti," alimwambia Bupe. "Lakini yanapita. Yanaingia kwenye rejeta na moto, yanatoka na moto wake uleule. Maji yamefanya kazi yake. Hayajapata wa kuyapoza."

"Na maji yanapozwa na nini?" Bupe aliuliza, ingawa alijua, na kabla hajamaliza kusema alikuwa ameshageuza shingo kutazama mbele ya lori.

Mama Bupe alishika pembe ya khanga, akavuta. Haikutoka kirahisi. Feni ilikuwa imeinyonya ikaingia kwenye nafasi za wavu wa mbele, ikanasa kwenye rejeta kama ngozi ya maziwa kwenye kijiko. Ilipobanduka, mistari ya rejeta ilikuwa imechapwa juu yake kwa kahawia, kama imepigwa pasi na kitana, katikati kabisa ya neno PAZIA.

Mama Bupe akaiinua wote waione.

"Wifi," Shangazi Lutengano alisema, "unalivua gari nguo mbele za watu?"

"Nalivua lipumue, wifi."

Wakacheka hadi mmoja akakaa chini barabarani. Bupe, ili kukamilisha mzaha, akaigonga dashibodi akauliza hewa ya mbele ilikuwaje muda wote ule.

"Wametupamba vizuri," Bimkubwa akajibu. "Hewa si haba."

Kicheko kikaanza upya. Mama Bupe peke yake hakucheka. Mashine ilikuwa inajua. Tangu kona ya kwanza ilikuwa inajua, na haikutaka kumwaibisha shangazi.

Kifuniko kilipoweza kushikwa na kiganja kitupu, alikifungua mwenyewe, robo mzunguko, akangoja kuzomea kuishe, ndipo akamalizia. Wakamimina maji ya rejeta, yale ya kijani kutoka kwenye dumu la Bupe, polepole. Lori likawaka. Mlima uliobaki walipanda kwa gia ya chini, uso wa lori mtupu, na khanga iliyochapwa kitana ikipepea nyuma mikononi mwa shangazi. Arobaini! Hamsini! Hamsini na saba!

Osia, bwana harusi, alikuwa amesimama nje ya kanisa na mwavuli. Alimtazama mkewe mtarajiwa, nyasi kwenye gauni, grisi kwenye kiwiko, uso mzima kabisa usio na doa, akasema hajawahi kuona mtu amependeza namna ile. Mchungaji alifupisha mahubiri kwa sababu ya muda, jambo ambalo wazee wa Matamba walisema halijapata kutokea. Wakala, wakacheza hadi ukungu ukaondoka wenyewe.

Jumatatu Mama Bupe alikuwa karakana kuu, hana chupa ya chai mkononi. Alimtaka Mhandisi Asajile, kijana aliyemrekodi, amweleze kwa nini mashine inaongopa.

Asajile alifungua kumbukumbu za zile wiki tatu. Akamweleza kwamba kile kiti alichokalia kilikuwa kinapima mwili, ili mashine ijifunze sauti ya mtu inakuwaje akichoka, akifurahi, akipata joto. Siku ya tisa alikuja na homa. Walimuuliza hali.

"Kiti kilisoma nyuzi joto thelathini na tisa," Asajile alisema. "Wewe ukasema nzuri tu. Shikamoo zako zote, habari zako zote, hukusema hata mara moja kwamba unaumwa. Mashine haina kosa, mama. Ilijifunza kwamba ukiungua, hivyo ndivyo inavyosemwa."

Mama Bupe aliuliza ni akina Mbilinyi wangapi. Kijana alitazama meza. Walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja ameandikiwa "uzembe wa dereva."

Alitaka asomewe majina yote. Halafu akaomba mambo mawili: kumi na mmoja wale wafutiwe lile neno, na yeye arudishwe kwenye chumba cha sponji.

Asajile alifuta lile neno mbele yake, jina kwa jina, Mbilinyi wa kwanza. Kisha wakaingia chumbani.

Kazi ilikuwa maneno matatu tu. Alidhani atamaliza kabla chai haijapoa. Akasema, "Naumwa kidogo." Wakafuta. Akasema, "Naumwa, ila si sana." Wakafuta. Akasema, "Naumwa, lakini namshukuru Mungu." Asajile akainamisha kichwa kuficha kicheko. Miaka hamsini na nne ya kulea, kuzika, kuuza chai kwenye baridi ya alfajiri, na ulimi haujui njia ya neno lile. Ilifika adhuhuri. Akalifikiria goti lake, ambalo tangu kona ya thelathini na tisa lilikuwa linamwamsha. Akaufikiria mkono wa Bupe juu ya kifuniko.

"Naumwa. Simama sasa."

Sauti ilitoka kavu, bila mwanangu, bila tafadhali. Kijana aliyekuwa anapita nje na toroli akasimama.

Jioni ile malori mia nne yalipokea sauti mpya. Madereva walilalamika wiki nzima kwamba Bimkubwa kawa mkali, nani kamuudhi, hata salamu haitiki. Lakini walisimama. Na mshale wa joto ukarudishwa, kwa sababu Mama Bupe alisema mama ni mama, ila jicho la mtu nalo lina kazi yake.

Jumapili Bupe alipiga simu kutoka Matamba. Mama Bupe alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti limefungwa khanga, ileile ya kitana.

"Shikamoo mama. Hujambo?"

"Si..." Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalirudisha. "Goti linaniuma, Bupe. Kupanda ngazi siwezi. Na nyumba imekuwa kubwa, nakanda maandazi mengi halafu nakumbuka hayupo wa kuyala."

 Kisha Bupe akasema kwa sauti iliyolowa kwamba Jumamosi anashuka kumpeleka hospitali, atashuka na Osia, na hataki kusikia visingizio. Akasema pia kwamba ni mara ya kwanza katika maisha yake kusikia mama yake anaumwa wapi, na kwamba ni ajabu, lakini amefurahi.

"Na wewe huko?" Mama Bupe aliuliza. "Habari za ndoa?"

Bupe alichelewa kidogo, kama mtu anayemeza mate.

"Nzuri tu."

Mama Bupe akaweka unga pembeni, akajifuta mikono, akasogeza kigoda karibu na ukuta apate pa kuegemea.

"Simamisha gari, mwanangu," alisema.

Na kule juu, kwenye baridi ya Matamba, Bupe akacheka hadi machozi yakamtoka, akavuta kiti, akaanza kusimulia tangu kona ya kwanza.